Mikopo ya Mauzo ya Nje, Korosho na Pato la Taifa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: wanafunzi wa uchumi wanaotafuta "uhusiano kati ya vigezo", na watu wenye mzigo ghalani wanaotafuta pesa. Nimewajibu pamoja, kwa sababu wanaulizia kitu kimoja. Mifano mingi ni ya korosho ya kusini mwa Tanzania. Ni zao linaloonyesha wazi pesa inapokwama.

Mikopo ya mauzo ya nje ni nini hasa?

Ni pesa ya kusubiria. Mkulima wa Newala anahitaji salfa kuanzia Mei au Juni, kabla ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, haujala maua ya mkorosho. Korosho zenyewe huanza kuingia ghalani Oktoba. Kisha kuna mnada, lori hadi bandari ya Mtwara, meli hadi India au Vietnam, ukaguzi wa mzigo kule, na ndipo malipo. Tangu mfuko wa kwanza wa salfa hadi dola ya mwisho inaweza kupita nusu mwaka na zaidi, na muda wote huo kuna mtu aliyetoa pesa yake ambayo haijarudi.

Akiwa na pesa hiyo mfukoni, sawa. Asipokuwa nayo, atakopa. Anayekopa ili anunue, akaushe, apange madaraja na kufungasha, huyo amechukua mkopo wa kabla ya kusafirisha. Aliyekwishapakia melini na sasa anaomba benki impe sehemu ya fedha wakati mnunuzi hajalipa bado, amechukua mkopo wa baada ya kusafirisha. Kando yake kuna udhamini na bima, ambazo si pesa bali ni ahadi: mambo yakiharibika, mtu mwingine atabeba sehemu ya hasara. Nchi tajiri huongeza aina ya nne. Humkopesha mnunuzi wa ng'ambo ili anunue ndege au mitambo yao. Sisi kwa kawaida tumo upande wa wanaokopeshwa hapo, si wakopeshaji.

Mnunuzi si alipe kwanza, tumalize?

Wapo wanaolipa kwanza. Lakini mnunuzi naye anaogopa kutuma dola na kupokea mchanga. Mteja mwenye nguvu, kama maduka makubwa ya Ulaya, husema kinyume kabisa: leta mzigo, nitalipa baada ya siku 60 au 90. Anayetaka soko lake anakubali.

Njia ya kati ni LC (Letter of Credit), kama wafanyabiashara wanavyoiita. Benki ya mnunuzi inaahidi kulipa ukiwasilisha nyaraka zilizokubaliwa: ankara, hati ya shehena, cheti cha uasilia, cheti cha afya ya mimea. Benki inasoma karatasi, haifungui gunia. Jina la kampuni likikosewa herufi moja kwenye hati ya shehena, malipo yanaweza kusimama hata kama korosho ni za daraja la kwanza.

Haya mambo ni mageni kwetu?

Hata kidogo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara iliondoka kwa mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, akiwemo Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, walitoa vitambaa, shanga na bunduki, wakalipwa kwa pembe za ndovu miaka ikiisha kupita. Biashara hiyo iliendeshwa pia kwa migongo na shingo za watumwa, kwa hiyo hapa sitoi sifa. Natoa historia tu. Serikali ziliingia baadaye: Uingereza ilianzisha idara ya kudhamini mikopo ya mauzo ya nje mwaka 1919, na Marekani ikafungua benki yake ya kusaidia mauzo ya nje, EXIM, mwaka 1934.

Je, ni kweli nchi ikiuza nje zaidi, uchumi hukua?

Hapa wanafunzi wengi huteleza, na si kosa lao. Pato la Taifa, likipimwa kwa upande wa matumizi, ni jumla ya matumizi ya watu, matumizi ya serikali, uwekezaji na mauzo ya nje, ukitoa manunuzi kutoka nje. Mauzo ya nje tayari yamo ndani ya jumla hiyo. Ukichukua takwimu za miaka 40, ukapanga mauzo ya nje huku na Pato la Taifa kule, vitapanda pamoja kama watoto wa nyumba moja. Hujathibitisha kitu. Vitu viwili vinavyokua kwa miaka mingi hufanana hata kama havijuani.

Swali gumu ni nani anamvuta mwenzake. Mauzo yanaweza kuvuta uchumi: dola zinanunua mafuta, mbolea na mashine, kiwanda kinapata soko kubwa kuliko la nyumbani, na mteja mkali wa ng'ambo anamfundisha mzalishaji usafi na kutunza muda. Uchumi nao unaweza kuvuta mauzo: barabara zikijengwa, umeme ukitulia na watu wakisoma, bidhaa za kuuza nje huja zenyewe. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta majibu yote, na nyingine hazikukuta chochote cha kushika. Mimi siamini tena kwamba kuna jibu moja kwa nchi zote.

Kenya ni mfano wa kuchokoza fikra. Mwaka 2010 mauzo yake ya bidhaa na huduma nje yalikuwa takriban moja ya tano ya Pato la Taifa. Miaka ya karibuni yameshuka hadi karibu asilimia 12, na bado uchumi umekuwa ukikua kwa kiasi cha asilimia 5 katika mingi kati ya miaka hiyo. Je, mauzo ya nje hayana kazi? Mwulize Waziri yeyote wa Fedha anayetafuta dola za kulipa deni la nje, atakujibu.

Tena mauzo yote si sawa. Kwa Tanzania, dhahabu na utalii (nao huhesabiwa kama huduma iliyouzwa nje) kila kimoja kiliingiza zaidi ya dola bilioni 3 mwaka 2024. Mgodi mkubwa huleta dola nyingi kwa mikono michache. Korosho huleta dola chache zaidi, lakini zinagawanyika kwa maelfu ya kaya kabla hazijafika mbali.

Basi mikopo ndiyo inayoleta mauzo? Au wauzaji wazuri ndio wanaopata mikopo?

Swali zuri, maana benki humkopesha aliyekwisha kufanikiwa. Ili kujua ukweli inabidi utafute mahali ambapo mkopo ulikatika kwa sababu isiyomhusu muuzaji.

Peru ilitoa nafasi hiyo mwaka 2008. Mtikisiko wa fedha duniani ulizibana baadhi ya benki za Peru kuliko nyingine, kutegemea zilivyokuwa zinakopa nje. Wauzaji wawili wa bidhaa ileile, kwenda soko lilelile, mmoja alijikuta na benki iliyokauka na mwingine na benki yenye afya. Watafiti walipolinganisha, kila mkopo ulipopungua kwa asilimia 10, kiasi kilichosafirishwa kilipungua kwa takriban asilimia 2. Mzigo haukuwa na kasoro na mteja alikuwepo. Pesa ya kusubiria ndiyo iliyokosekana.

Marekani nayo ilijifanyia jaribio bila kukusudia. Ruhusa ya kisheria ya EXIM iliisha Julai 2015. Iliporudishwa, bodi haikuwa na akidi, hivyo hadi Mei 2019 benki haikuweza kuidhinisha miamala inayozidi dola milioni 10. Wengi walisema benki za kibiashara zingeziba pengo kwa siku mbili, hasa kwa makampuni makubwa ya Kimarekani. Hazikuziba lote. Makampuni yaliyoitegemea EXIM yaliuza nje kidogo kuliko wenzao. Ikiwa Marekani, yenye mabenki kama uyoga, iliumia, usiniambie Tunduru soko litajipanga lenyewe.

Kwa hiyo ndiyo, mkopo unasukuma mauzo. Lakini asilimia 2 kwa 10 si muujiza. Zilizobaki zinategemea mvua, barabara, bei ya dunia na uhodari wa muuzaji.

Korea Kusini ilifanyaje?

Kila mtu huitaja Korea, na mara nyingi huitaja nusunusu. Mwaka 1964 mauzo yake ya nje yalifika dola milioni 100, wakaifanya siku hiyo sikukuu. Mwaka 1977 yalifika dola bilioni 10.

Kanuni yao ya mikopo ilikuwa nyepesi: ukiwa na LC kutoka kwa mnunuzi wa nje, benki inakukopesha, basi. Haikuuliza una kiwanja wapi wala baba yako ni nani. Riba ya mikopo hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa karibu asilimia 6, wakati mkopo wa kawaida wa benki ulizidi asilimia 20. Wakaongeza jambo ambalo kwangu ndilo la akili zaidi: LC ya ndani. Mshonaji wa mashati mwenye oda ya nje aliweza kumfungulia LC mtengeneza vitambaa wa Korea, naye akapata mkopo wake kwa masharti yaleyale. Pesa ikashuka hadi kwa mtu ambaye hajawahi kuona meli.

Fimbo nayo ilikuwepo. Rais Park Chung-hee alikaa mwenyewe kwenye vikao vya mara kwa mara vya kupima mauzo, na aliyeshindwa kufikia malengo alijua fadhila zitakoma. Wafanyakazi walilipa gharama: vyama vyao vilibanwa na siku ya kazi ilikuwa ndefu. Kulikuwa pia na mageuzi ya ardhi ya kabla yake, shule, misaada na soko la Marekani. Anayeuza hadithi ya Korea kama hadithi ya riba nafuu peke yake ameacha nusu ya mzigo gatini.

Kuna nchi iliyotoa fedha za mauzo ya nje bila mauzo yenyewe?

Ipo, na ni jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg International ilipewa na serikali ya Kenya fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ambazo ilidai kuuza nje. Kenya ya wakati huo ilichimba dhahabu kiduchu, na almasi haikuwa nayo. Kampuni ilitumia pia dirisha la Benki Kuu la mikopo ya kabla ya kusafirisha, lile lililowekwa kwa nia njema kabisa ya kuwasaidia wauzaji wa nje. Mabilioni ya shilingi yalitoka. Mwaka 1993 mfumuko wa bei Kenya ulivuka asilimia 40. Sababu zilikuwa kadhaa, na kashfa hii ilikuwa mojawapo. Tume ya Jaji Bosire ilikuja kulichunguza jambo hilo miaka kumi baadaye.

Weka Korea na Goldenberg mezani pamoja. Zote zilikuwa na pesa nafuu kwa jina la mauzo ya nje. Kwa Wakorea, mkopo ulifuata LC iliyofunguliwa na mgeni anayelipa kwa pesa yake. Kwa Goldenberg, pesa ilifuata karatasi iliyojazwa na mlipwaji mwenyewe.

Kwa nini benki zetu huogopa kumkopesha muuzaji wa mazao?

Kwa sababu zinataka nyumba yenye hati, naye ana oda na shamba lisilopimwa. Ndiyo maana Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mfuko wa kudhamini mikopo ya mauzo ya nje mwanzoni mwa miaka ya 2000: benki ikikopesha na mkopaji akashindwa, mfuko unabeba sehemu ya hasara. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza pia shilingi trilioni 1 za kukopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, ili nayo yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Riba ya kawaida sokoni ilikuwa ikicheza karibu na asilimia 16. Hizo pointi sita si mchezo, na mwishoni tutaona tofauti ya riba inavyokula faida.

Stakabadhi ghalani si ndiyo mkopo wenyewe?

Ilikusudiwa iwe karibu na hapo. Sheria ilipita mwaka 2005, na kwa korosho mfumo ulianza msimu wa 2007/08. Unapeleka korosho, zinapimwa, unapewa stakabadhi, na karatasi hiyo inaweza kuwa dhamana. Miaka ya mwanzo vyama vya msingi vya ushirika vilikopa benki vikawapa wakulima malipo ya awali, kisha mnada ukifanyika yanafuata malipo ya pili.

Ni mpango mzuri hadi bei inapoanguka. Chama kimekopa kwa matumaini ya bei fulani, mnada umetoa bei ya chini, benki inakata chake kwanza, na mkulima anakuta malipo ya pili yamebaki mabaki. Aprili 2013 huko Liwale nyumba zilichomwa moto kwa hasira za malipo ya namna hiyo. Mkopo haukuondoa hatari ya bei. Uliihamisha tu hadi kwa mtu wa mwisho kwenye foleni.

Kangomba na butura nazo ni mikopo ya mauzo ya nje?

Ndiyo, na ndizo za kale kuliko zote zilizobaki. Kangomba anafika kijijini wakati watoto wanarudishwa shule na chakula kimepungua, anatoa pesa taslimu, atachukua korosho zikikauka kwa bei aliyoipanga yeye. Kagera wanasema butura: kahawa inauzwa ikiwa bado ua mtini. Serikali inazipiga marufuku na kuwakamata watu. Mimi nasema marufuku peke yake ni kufukuza moshi. Kangomba anatoa huduma ambayo benki haitoi, yaani pesa ya leo, bila fomu, mlangoni. Riba yake ukiipigia hesabu inatisha, lakini mwenye mgonjwa ndani hapigi hesabu hiyo.

Nini kilitokea kwa korosho mwaka 2018?

Wakulima walikataa bei za mnada. Novemba serikali ikaamua kununua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Bei ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa lilelile la mwanzo: nani ana pesa ya kusubiria? Wanunuzi wa nje waliozoea kuja na mitaji yao hawakuwepo tena kwenye mnyororo, na wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Mauzo ya korosho nje yalishuka kutoka zaidi ya dola milioni 500 mwaka 2017 hadi chini ya dola milioni 200 mwaka 2018.

Na sasa kwa wale wa takwimu: mwaka huohuo Pato la Taifa lilikua kwa takriban asilimia 7, kama miaka ya jirani. Ukiutafuta mshtuko wa korosho kwenye namba ya taifa, huuoni. Muuza mabati wa Masasi aliuona. Uhusiano kati ya mikopo, mauzo na ukuaji hupotea ukijumlishwa nchi nzima, huonekana ukishuka wilayani.

Kuna vyombo gani vya Afrika?

Afreximbank, ilianzishwa 1993, makao yake Cairo: hukopesha zaidi mabenki na makampuni makubwa. ATIDI ya Nairobi, iliyoanza 2001 kwa jina la ATI, hutoa bima dhidi ya mnunuzi asiyelipa na hatari za kisiasa. PAPSS, tangu 2022, inajaribu kuwezesha malipo kati ya nchi za Afrika bila kupitia dola. Kwa mtu wa tani tano, hawa wote wako mbali, atawafikia kupitia benki yake kama itataka.

Naanza kuuza parachichi za Njombe nje. Nikope kiasi gani?

Usianze na kiasi, anza na siku. Andika tarehe utakayomlipa mkulima, tarehe ya kontena la baridi, tarehe ya meli, na tarehe ambayo mnunuzi ameahidi kulipa. Ongeza wiki mbili za matatizo, maana bandari haina haraka yako. Hizo ndizo siku unazokopea. Mkopo wa mwaka mzima kwa mzigo wa siku 70 utakula faida, na mkopo wa siku 30 kwa mzigo huohuo utakulazimisha uuze gari lako. Chukua oda iliyoandikwa na iliyosainiwa kabla hujaenda benki, uulize kama mkopo unaweza kuingizwa kwenye mfuko wa udhamini, kwa sababu maofisa wengine hawaitaji wasipoulizwa. Ukilipwa kwa dola, jaribu kukopa kwa dola. Shilingi ilipopanda ghafla mwishoni mwa 2024, waliokopa shilingi na kusubiri dola waliumia bila kosa lolote shambani.

Kwa nini korosho nyingi bado zinaondoka na maganda yake?

Sababu ziko nyingi, ila hii ya pesa haisemwi vya kutosha. Korosho huuzwa kwa miezi michache, Oktoba hadi Januari hivi. Kiwanda cha kubangua kinataka kufanya kazi miezi 12. Maana yake mwenye kiwanda anunue kwa msimu mmoja korosho za mwaka mzima, aziweke ghalani, na alipe riba huku akizibangua taratibu. Kwa wastani kila kilo inakaa na deni kwa nusu mwaka. Kwa riba ya asilimia 16, kilo hiyo imepanda gharama kwa asilimia 8 kabla kisu hakijaigusa. Mshindani wa ng'ambo anayekopa kwa asilimia 6 amepandisha asilimia 3 tu. Biashara ya kubangua haina faida nene kiasi cha kuimeza tofauti ya tano.

Na riba nafuu peke yake haitoshi pia. Tanzania iliwahi kukopa ng'ambo na kujenga viwanda 12 vya kubangua, vingi vikikamilika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Mwaka 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Vijiji vilihamishwa, mashamba yakaachwa mbali, bei ya mkulima ikadidimia, ubwiriunga ukaingia, na kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mashine zilikaa na deni lake, korosho hazipo.

Leo ni kinyume: msimu wa 2024/25 mavuno yalivuka tani 500,000, na kilichopungua ni pesa ya kuzishikilia. Ukipita Mtwara mwezi Februari, ingia kiwanda chochote uulize swali moja: mlizonunua zitawafikisha mwezi gani?